Kutoka Ukingo wa Barabara hadi Kioo cha Simu

Watu wakitaja picha za Tingatinga, aghalabu husifu rangi na wale wanyama wenye macho makubwa. Mimi, labda kwa tabia ya ualimu, huuliza kwanza: picha ile ilimfikiaje mnunuzi?

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Bodi ya futi 4 kwa 8 hutoa miraba minane ya futi mbili pasipo kubaki kipande. Ni hesabu ya darasa la tano. Picha ziliuzwa Oyster Bay, nje ya Morogoro Stores, mahali walipofika wageni kununua mahitaji yao. Tangazo lake lilikuwa barabara. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi, baada ya miaka minne tu ya kazi hiyo. Wanafunzi wake, wengine jamaa zake, wakaendelea, na mwaka 1990 kikundi kikawa chama cha ushirika.

Kwa mtalii, hadibodi ni mzigo. Wachoraji wakahamia kwenye kitambaa, kinachoviringishwa kikaingia sandukuni. Hivyo basi, msomaji, safari ya picha ndiyo iliyoamua picha ichorwe juu ya nini.

Mwaka 2009 kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam kupitia baharini, na baadaye simu zenye kamera zikaenea. Kijana niliyemfundisha zamani, sasa mchoraji, huweka kazi zake Instagram, mtandao ambao hadi mwaka 2015 ulipokea picha za mraba tu, kana kwamba ulipimwa kwa bodi za marehemu! Hurekodi pia mkono wake ukichora, kwani wanunuzi hupenda kuona kazi ikizaliwa. Amewauzia watu ambao hawajakanyaga Tanzania, kwa bei aliyoipanga mwenyewe.

Mwaka juzi alikuta chui wake amechapwa kwenye vikombe, vinauzwa katika nchi asiyoijua. Jina aliloandika pembeni lilikuwa limefutwa. Tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, lakini mchoraji wa Mwananyamala atamshitaki nani, na kwa nauli ipi? Kuna wanaosema kwamba wachoraji wa Tingatinga wenyewe wameigana tangu zamani. Ni kweli, ila sioni kuwa ni jambo moja. Aliyeiga chini ya mti aliketi benchi moja na mwenzake. Akizidisha, aliambiwa usoni, na kesho yake waliazimana rangi.

Siku hizi kijana huyo huipiga picha kazi yake kwa upande, brashi imelazwa juu ya chui. Wapenzi wake hulalamika kwamba brashi inawaziba. Huwajibu kuwa chui mzima yuko nyumbani, na bei yake ni ileile.