Ulsan: Kiwanda Kilichouza Meli Kabla ya Kuwa na Gudi

Historia ya kiwanda cha meli cha Hyundai pale Ulsan, kusini-mashariki mwa Korea Kusini, huanzia kwenye noti ya won 500. Mwaka 1971 Chung Ju-yung, mwanzilishi wa Hyundai na mkandarasi wa barabara na madaraja ambaye alikuwa hajawahi kuunda meli hata moja, alikwenda London kutafuta mkopo. Akamwendea Charles Longbottom, mkuu wa kampuni ya ushauri ya A&P Appledore, ambaye neno lake lingemfungulia mlango wa benki ya Barclays. Longbottom akasita. Chung akatoa noti mfukoni, akamwonyesha picha ya manowari yenye umbo la kobe, ile ambayo Admeri Yi Sun-sin aliwapigia Wajapani mwaka 1592. Wakorea, alimwambia, walikuwa wakijenga meli za chuma karne tatu kabla ya Waingereza.

Ni hadithi tamu, na kampuni yenyewe haijachoka kuisimulia. Lakini noti haijengi meli. Waingereza, hata baada ya kulainika, waliweka sharti: dhamana ya serikali yao haitoki mpaka mnunuzi apatikane kwanza. Nani anunue meli kwenye kiwanda kisichokuwapo? Akapatikana George Livanos, tajiri wa meli wa Kigiriki, aliyeagiza meli mbili za mafuta za tani zipatazo 260,000 kila moja, kwa dola milioni 30.95 kwa kila meli. Bei hiyo ilikuwa chini ya bei ya soko, na hiyo ndiyo iliyomvuta. Alichokuwa nacho Chung mkononi ni michoro ya meli kutoka Scott Lithgow ya Scotland na picha ya ufuko wa Ghuba ya Mipo: mchanga, misonobari, na vijumba vichache.

Kazi ilianza tarehe 23 Machi 1972. Gudi na meli vilijengwa kwa pamoja, huku mafundi wachache wakipelekwa Scotland kujifunza na wengi waliobaki wakijifunzia papo hapo. Kuiga nako kulikuwa na mambo yake. Viwanda vya Scott Lithgow kwenye mto Clyde vilikuwa na nafasi finyu, kwa hiyo meli kubwa ilijengwa vipande viwili, kila kimoja peke yake, kisha vikaunganishwa. Ulsan walikuwa na gudi la kuimeza meli nzima, lakini inasimuliwa kwamba walifuata mchoro neno kwa neno, wakajenga vipande viwili kama Waskoti, na siku ya kuviunganisha vikakataa kukaa sawa. Ikabidi chuma kikatwe na kuchomelewa upya. Ada ya aina hiyo haiandikwi kwenye mkataba wowote wa mafunzo.

Tarehe 28 Juni 1974 kiwanda kilizinduliwa rasmi na meli ya kwanza ikapewa jina, Atlantic Baron. Ilikuwa imepita miaka miwili na miezi mitatu tangu udongo ulipoanza kuchimbwa.

Kwa bahati mbaya, ulikuwa wakati mbaya kuliko wote wa kuuza meli za mafuta. Vita vya Waarabu na Israeli vya Oktoba 1973 vilikuwa vimepandisha bei ya mafuta mara nne, shehena zikapungua, na wenye meli duniani kote wakaanza kutafuta visingizio vya kukataa walichoagiza. Ulsan ikabakiwa na meli tatu kubwa zisizo na mwenyewe. Kiwanda kingine kingefungwa hapo, na ndipo naona historia ya kweli ya Ulsan inapoanzia, kuliko pale London. Mwaka 1976 Chung aliunda kampuni yake ya usafirishaji na kuikabidhi meli hizo tatu. Serikali ya Rais Park Chung-hee nayo ikaagiza kwamba mafuta ghafi yanayokwenda kwenye mitambo ya Korea yabebwe na meli za Kikorea. Yaani kiwanda kilijitengenezea mteja, na dola likamtafutia mteja huyo shehena. Kampuni hiyo ndiyo HMM ya leo, ambayo makontena yake yamezagaa kwenye bandari za dunia.

Wachumi wa soko huria huona haya kuieleza sehemu hii. Ushindani wa Ulsan haukuletwa na mishahara midogo tu, ingawa ilikuwa midogo. Ulitokana na kwamba hasara ya miaka ya mwanzo ilikuwa na watu wengi wa kuibeba: benki za serikali, waagizaji wa mafuta, kampuni nyingine za Hyundai. Chuma kilitoka Pohang, mwendo mfupi kaskazini mwa Ulsan, katika kiwanda cha serikali kilichoanza kuzalisha mwaka 1973. Na oda za meli zilipokauka, gudi lilipewa kazi nyingine. Hyundai iliposhinda zabuni ya bandari ya Jubail, Saudi Arabia, mwaka 1976, miundo mikubwa ya chuma ya gati ilitengenezwa Ulsan, ikapakiwa kwenye matishali na kukokotwa na tagi hadi Ghuba ya Uajemi, safari ya kilomita zipatazo 12,000.

Waliobeba mzigo mwingine hawakuulizwa. Wafanyakazi wa Ulsan waliishi chini ya nidhamu ya kijeshi. Walinzi wa getini walikagua hata urefu wa nywele, na aliyezidisha alinyolewa hapo hapo. Kiangazi cha mwaka 1987, wimbi la migomo lilipoikumba Korea nzima, moja ya madai ya watu wa Ulsan lilikuwa uhuru wa kuchana nywele zao watakavyo. Mgomo uliofuata, ulioanza mwishoni mwa 1988, ulidumu siku 128. Mwaka 1990 wafanyakazi walipanda juu ya kreni kubwa ya Goliath, mita 82 kutoka ardhini, wakakaa huko huku maelfu ya askari wakiwa wameuzingira uwanja. Mishahara ilipanda baada ya hapo. Waliotabiri kwamba ungekuwa mwisho wa kiwanda walikosea: kufikia mwaka 2000 Korea ilikuwa imeipita Japani kwa oda.

Dalili ya zama hizo ilifika kwa meli. Kiwanda cha Kockums cha Malmö, Sweden, kilichokuwa miongoni mwa vikubwa vya dunia, kilikwisha kuacha kujenga meli za biashara, na kreni yake ya mita 138 ilisimama bila kazi. Mwaka 2002 Hyundai iliinunua kwa dola moja, ikagharimia kuifungua na kuisafirisha, kisha ikaisimika Ulsan. Wakorea waliipa jina: Machozi ya Malmö.

Muongo uliofuata ulikuwa zamu ya Ulsan kuonja. Wachina walitumia mbinu zile zile, za dola na benki na chuma cha nyumbani, kwa ukubwa ambao Korea haiuwezi. Mwaka 2014 kampuni ilipata hasara kubwa, hasa kwenye mitambo ya kuchimbia mafuta baharini, na maelfu wakapunguzwa. Tawi la Gunsan lilifungwa mwaka 2017, likaja kufunguliwa tena 2022. Jaribio la kuinunua Daewoo, mshindani wake wa nyumbani, lilizuiwa na Tume ya Ulaya mwezi Januari 2022, kwa hofu kwamba soko la meli za kubebea gesi asilia iliyosindikwa lingetawaliwa na mmoja.

Hofu hiyo ilikuwa sifa ya aina yake. Meli hizo ndizo tegemeo la Ulsan leo, maana kwa wingi wa tani China inachukua zaidi ya nusu ya oda za dunia. Hata huko kuna kodi ya kulipa: utando wa ndani wa matangi, unaozuia gesi iliyopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri isivuje, ni hati miliki ya kampuni ya Ufaransa, GTT, na kila meli inaposhushwa majini Wafaransa hupata chao. Injini, kwa upande mwingine, kiwanda kina za kwake, HiMSEN, tangu mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2025 Korea iliahidi dola bilioni 150 za kufufua ujenzi wa meli Marekani. Lakini nyumbani kwenyewe mafundi ndio wasiwasi: vijana wa Korea hawataki tena kuchomelea, na siku hizi nafasi nyingi hujazwa na wageni kutoka Vietnam, Uzbekistan na Sri Lanka.