Godoro Lilibaki, Kinubi Kikavuka

Mapema mwaka 2008, Kenya ikiwa inawaka moto baada ya uchaguzi, tulivuka mpaka pale Busia tukaingia Uganda, kila mtu na alichoweza kubeba. Mimi nilibeba sufuria mbili, blanketi na mdogo wangu. Tulipofikishwa kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo, hema la jirani lilikuwa la mzee mmoja Mteso. Yeye alikuja na gunia. Sisi vijana tulidhani ni mahindi, na kwa njaa ile tukaanza kumchangamkia. Kumbe ndani mlikuwa na adeudeu, kinubi cha Wateso: mti uliochongwa ukawa na tumbo, ngozi juu yake, shingo iliyopinda kama upinde, na nyuzi.

Binti yake alikuwa na hasira. "Baba ameacha godoro, akabeba hii," alituambia.

Mzee akajibu bila kumwangalia, "Godoro ni la dukani."

Jioni alikuwa akipiga, nasi tunakaa karibu. Siku moja nilimuuliza, "Babu, nani mkali kukushinda?" Akacheka. Akasema yuko mmoja ambaye hakuwahi kumwona kwa macho, alimsikia redioni tu alipokuwa kijana anafanya kibarua kiwanda cha saruji Tororo. Jina lake Temusewo Mukasa, mpiga kinubi wa Kabaka. "Mimi napiga kwa vidole kumi," alisema. "Yule alikuwa kama ana ishirini."

Basi nikaanza kumtafuta huyo Mukasa, na nilichokipata ndicho ninachotaka tukione pamoja hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali. Wateso wako Tororo na wako Busia ya Kenya, na si kwamba walihama wote. Mwaka 1902 Waingereza waliichukua Mkoa wa Mashariki wa Uganda wa wakati ule, wakauhamishia upande ambao leo ni Kenya. Watu walilala Uganda, wakaamka kwingine. Mpaka ndio uliohama. Kwa hiyo kinubi cha mzee kiliwahi kuwa upande mmoja na kinubi cha Kabaka, ingawa kimoja kilipigwa kwenye pombe na misiba ya watu wa kawaida, na kingine kilipigwa mbele ya mfalme.

Kinubi cha Waganda kinaitwa ennanga. Kina nyuzi nane, na mpigaji wake kwa mfalme aliitwa omulanga. Chini ya kila uzi, pale shingoni, huwekwa pete iliyofunikwa ngozi ya kenge, ili uzi ukitikisika uguse ngozi hiyo na kutoa mvumo, kama nyuki ndani ya mzinga. Mtu asiyejua anaweza kudhani kinubi kimeharibika. Mwenye kujua anajua ndipo kimekamilika.

Ufundi wenyewe uko hivi. Mkono mmoja unapiga nota zake, na mwingine unaingiza za kwake katikati, kama akina mama wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka. Wakienda kasi, huwezi tena kutenganisha nani ni nani. Sikio linaanza kusikia wimbo wa tatu ambao hakuna mkono unaoupiga. Na juu ya hayo yote, omulanga anaimba, peke yake. Hapo ndipo vile vidole ishirini vya mzee vilipotoka.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alimrekodi Mukasa. Mojawapo ya nyimbo alizopiga ni "Gganga Alula", maana yake Gganga aliponea chupuchupu. Sisi tuliovuka usiku hatuhitaji kuelezwa jina hilo.

Lakini kuna mtu mwingine ambaye wakimbizi tunapaswa kumjua: Klaus Wachsmann. Alizaliwa Berlin mwaka 1907, mwanamuziki msomi wa asili ya Kiyahudi. Hitler alipoingia, akafungiwa njia, akaondoka kwao. Mwaka 1937 alifika Uganda. Kuanzia 1948 hadi 1957 alikuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, na alizunguka nchi na mashine ya kurekodi, kijiji kwa kijiji na ikulu kwa ikulu. Mwaka 1950 aliandika katika jarida la sayansi la Nature la Uingereza kuhusu jinsi kinubi cha Kiganda kinavyotegwa sauti: ngazi tano zinazokaribiana kulingana ndani ya oktavo moja. Yaani kutega nyuzi kwa sikio, kazi ambayo wengine waliiona ni bahati tu, ilipimwa ikaonekana ni elimu.

Mtu aliyepoteza kwao ndiye aliyehangaika kuweka sauti za kwa wenzake. Sidhani hilo lilikuwa bahati.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilivamia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili aliruka ukuta, akatorokea Burundi, kisha Uingereza. Alifariki London Novemba 1969, mkimbizi kama mimi na wewe. Mwaka 1967 katiba mpya ilifuta falme zote. Wanamuziki wa ikulu wakatawanyika, ala zikaharibiwa, na ikulu ikageuzwa kambi ya jeshi. Kiti cha Buganda kilirudi mwaka 1993. Mfalme akawepo tena, lakini wapiga ennanga walikuwa karibu kwisha.

Haikufa kabisa. Albert Ssempeke, mpiga filimbi wa ikulu ileile, alikuja kuishika ennanga, na mwanawe Albert Bisaso Ssempeke anaipiga hadi leo. Kanda za Wachsmann zilikaa London miaka mingi, na sasa nakala zake zimerudi Chuo Kikuu cha Makerere. Ikulu ilivamiwa, mfalme akafia ugenini, na bado unaweza kumsikia Temusewo Mukasa akitwanga ule mchi wake.

Sasa nirudi Mulanda, maana kuna jambo langu ambalo sijalisema.

Baadaye mwaka huo tuliambiwa tunahamishiwa Kiryandongo. Mzee alikataa. Alisema mbali namna hiyo hakuna mtu wa kuelewa anachoimba, bora arudi Busia na liwe liwalo. Usiku kabla ya malori kuja, nilimrekodi kwa simu yangu ndogo, dakika kama nne hivi. Alipomaliza akaniuliza, "Imeingia?" Nikamwambia imeingia.

Miezi michache baadaye nikaiuza ile simu Bweyale, nipate pesa ya yunifomu ya mdogo wangu. Laini niliitoa. Kadi ya memori nikasahau. Niliporudi kumtafuta mnunuzi, alikuwa ameshaiuza kwa mtu mwingine.

Mzee alishafariki. Nilipokwenda Busia kutoa pole, binti yake alinionyesha adeudeu. Haigombani naye tena. Kijana wake ameibadilishia nyuzi, ameweka nailoni ya kuvulia samaki, na anaipiga vizuri tu. Lakini anapiga anavyovisikia redioni. Nyimbo za babu yake hazijui. Aliniuliza, "Mjomba, wewe uliwahi kumsikia. Ilikuwaje?" Nikajaribu kumwimbia. Nilikumbuka mwanzo, nikakwama.

Kwa Mukasa, ikulu ilipotea na wimbo ukabaki. Kwetu kinubi kilibaki na wimbo ukapotea. Tofauti ni kwamba kule mtu alirekodi, akaweka, na nakala ikawa mahali zaidi ya pamoja.

Ndugu zangu wa mashirika, mnapotuandikisha mnauliza tuko wangapi, watoto wangapi, tumekuja na nini. Ongezeni swali moja: nani hapa anajua kupiga au kuimba? Na wewe mwenzangu wa bloku, simu unayo. Leo jioni nenda kwa mzee wako. Ukishamrekodi, tuma kwa watu wawili kabla hujalala.