Barabara za Baiskeli za Rhön (Ujerumani)

Rhön ni eneo la vilima na milima ya wastani lililoko katikati ya Ujerumani, mahali yanapokutana majimbo ya Hesse, Bavaria na Thuringia, na miongoni mwa waendesha baiskeli wa barabarani linajulikana kwa wingi wa njia za lami zisizopitwa na magari. Mlima wake mrefu kuliko yote ni Wasserkuppe, wenye kimo cha mita 950 juu ya usawa wa bahari, ambako ndiko mto Fulda unakoanzia. Mwaka 1991 UNESCO iliitambua Rhön kuwa hifadhi ya biosfia, yaani eneo ambamo uhifadhi wa mazingira huendeshwa sambamba na kilimo, ufugaji na makazi ya watu badala ya kuwaondoa, na baada ya kupanuliwa upande wa Bavaria hifadhi hiyo ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 2,400.

Umbo la nchi hii linatokana na volkeno zilizolipuka mamilioni ya miaka iliyopita na kuacha mawe magumu ya basalti na fonoliti, ambayo yalibaki yamesimama wakati udongo na miamba laini iliyoyazunguka ikimomonyoka. Milseburg, mlima wa fonoliti wenye mita 835, ni mfano wa wazi wa jambo hilo, na upande wa kaskazini-magharibi, karibu na Hünfeld, vipo vilima vingi vyenye umbo la pia, kila kimoja kikiwa peke yake katikati ya mashamba. Kwa mwendesha baiskeli maana yake ni kwamba hakuna mpando mmoja mrefu wa kumaliza asubuhi na kuusahau; ipo mipando mifupi na mikali inayofuatana, na jumla yake jioni huwa kubwa kuliko ramani ilivyodokeza. Juu kwenye nyanda ambako watu walikata misitu karne nyingi zilizopita ili wapate malisho, hakuna miti ya kukinga upepo, na upepo huo kwa kweli huchosha kuliko milima yenyewe.

Utulivu wa njia za Rhön mara nyingi husemwa kana kwamba ni zawadi ya maumbile, jambo ambalo si sahihi. Karibu kila njia tulivu ya hapa ilijengwa na mtu mwingine kwa shughuli nyingine, iwe mkulima, shirika la reli au askari wa mpakani, na mwendesha baiskeli amekuja baadaye kutumia kilichobaki.

Kundi kubwa kuliko yote ni barabara za mashambani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakulima wengi wa Ujerumani Magharibi walikuwa na vipande vidogo vya ardhi vilivyotawanyika huku na huko kutokana na urithi, na sheria ya mwaka 1953 iliweka utaratibu wa kuviunganisha vipande hivyo kuwa mashamba makubwa yanayofikika kwa trekta. Kila mradi wa kuunganisha mashamba uliambatana na ujenzi wa barabara mpya, na nyingi kati yake ziliwekwa lami ili zihimili uzito wa mashine. Matokeo yake ni mtandao wa barabara nyembamba, zenye upana wa kutosha trekta moja tu, ambazo hutoka kijiji kimoja hadi kingine zikipita nyuma ya maghala na kando ya mashamba, huku barabara kuu yenye magari ikiwa bondeni.

Anayetaka kuzitumia hana budi kujua kusoma alama mbili. Duara jeupe lenye ukingo mwekundu, ambalo ndani yake imechorwa pikipiki juu ya gari, linakataza vyombo vya moto pekee, kwa hiyo baiskeli inaruhusiwa; chini yake huwa kuna kibao kidogo kinachoeleza kwamba magari ya kilimo na misitu yamesamehewa. Duara hilohilo likiwa tupu, bila mchoro wowote, linakataza kila chombo, baiskeli ikiwemo, isipokuwa pale ambapo kibao cha chini kinaziruhusu, ingawa hata hapo mtu anaweza kushuka na kuisukuma baiskeli yake. Mpaka huu wa kisheria unawagusa pia wenye baiskeli za umeme: ile ambayo mota yake huacha kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa huhesabiwa kuwa baiskeli ya kawaida, lakini ile inayosaidia hadi kilomita 45 kwa saa ni chombo cha moto na haina ruhusa ya kupita penye alama ya kwanza.

Kusema kwamba njia hizi hazina magari si kusema kwamba hazina hatari. Matrekta ya siku hizi hujaza karibu upana wote wa barabara, na wakati wa kukata majani ya mifugo huja kwa kasi yakiwa na matela nyuma, hivyo ni mwendesha baiskeli anayepaswa kushuka na kusimama kwenye majani. Magurudumu hayo huacha mabonge ya udongo na samadi ambayo yakikauka hayana madhara, lakini yakilowa mvua huteleza kama sabuni, hasa kwenye kona iliyo chini ya mteremko ambako mtu hufika akiwa na mwendo mkali. Kwa sababu hiyo wazoefu wengi wameacha tairi jembamba la milimita 23 na kutumia la milimita 28 au 32, lililojazwa upepo kwa shinikizo la chini zaidi, ambalo hushika barabara vizuri na kupunguza mtikisiko.

Chanzo cha pili ni reli zilizokufa. Mwishoni mwa karne ya 19 bonde la mto Bieber liliunganishwa kwa reli na mji wa Fulda. Magari na mabasi yalipowachukua abiria, reli hiyo ilifungwa, na mwaka 2003 tuta lake lilifunguliwa likiwa njia ya baiskeli iitwayo Milseburgradweg, yenye urefu wa takriban kilomita 27, kutoka Petersberg kando ya Fulda hadi Hilders katika bonde la mto Ulster. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, na tuta la reli mara chache huinuka zaidi ya asilimia 3. Ndiyo maana njia hii, ingawa inakatiza katikati ya milima, inapandika hata na mtoto au mzee. Penye mlima Milseburg reli haikuzunguka bali ilitoboa, na handaki lenye urefu wa mita 1,172 sasa linapitwa na baiskeli chini ya taa. Hewa ya ndani ni baridi hata mwezi Julai, na anayeingia na jasho la mpando hufanya vyema kuvaa koti kwanza. Njia nyingine ya aina hiyo, Kegelspielradweg, huanzia Hünfeld na kupita kati ya vile vilima vyenye umbo la pia.

Chanzo cha tatu ni mpaka uliowahi kuigawa Ujerumani. Kuanzia mwaka 1952 serikali ya Ujerumani Mashariki iliweka ukanda wa kilomita tano uliozuiwa watu wasio na kibali, barabara zilikatwa, reli zilikatwa, na vijiji vya pande zote mbili vikawa mwisho wa njia. Hadi leo barabara za kawaida kati ya Tann na Geisa zina magari machache kuliko inavyotarajiwa katika nchi yenye watu wengi kiasi hicho. Jambo la kutahadhari ni njia ya doria ya askari, ambayo bado ipo kwa vipande virefu: ni mistari miwili ya mabamba ya zege yenye safu za matundu marefu, majani yakiwa yameota ndani yake, na tairi la baiskeli ya barabarani likinasa humo hupinda gurudumu au kumwangusha mpandaji. Inafaa kutembea kwa miguu.

Yapo mahali ambapo sifa ya utulivu haistahili kabisa. Barabara ya juu kati ya Bischofsheim na Fladungen hupita katika nyanda zenye mandhari nzuri kuliko zote, lakini Jumapili yenye jua hujaa pikipiki, na mngurumo wake husikika mabondeni. Nyanda hizohizo, ziitwazo Lange Rhön, ni hifadhi ya ndege adimu wa jamii ya kware, ambaye dume lake ni jeusi lenye mkia uliopinda, na kwa ajili yake wageni wote hutakiwa kubaki kwenye njia zilizowekwa alama. Msituni nako sheria ya Ujerumani huruhusu baiskeli kwenye barabara na njia pekee, si katikati ya miti.

Fulda ni kituo cha treni za mwendokasi, na treni ndogo hutoka hapo hadi Gersfeld, chini ya Wasserkuppe, ikichukua baiskeli. Siku ya kazi asubuhi, kati ya Mei na Septemba, ndiyo bora kwa safari. Kuanzia Novemba hadi katikati ya Aprili handaki la Milseburg hufungwa kwa sababu popo hulala humo majira yote ya baridi, na anayesafiri miezi hiyo hulazimika kuuzunguka mlima kwa njia ya juu, yenye mpando mkali ambao wajenzi wa reli waliukwepa.