Kipindupindu: Jina la Ugonjwa na Aina Yake

Katika toleo hili tunaangalia historia ya neno linalojulikana sana Bujumbura: kipindupindu. Ndani yake twasikia vitenzi pinda na pindua, kwani misuli ya mgonjwa hukaza na mwili ukajikunja. Wahenga waliyaita magonjwa kwa dalili zake. Hata malale linatokana na kulala.

Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwa huko, alifuatilia njia ulizopitia ugonjwa huo, akazieleza katika kitabu chake cha 1876. Mwaka 1884, Robert Koch akiwa India alimtambua bakteria anayeusababisha. Uainishaji ukaanza kufuata kisababishi na njia ya kuenea: kipindupindu ni ugonjwa wa kuambukiza, uenezwao kwa maji na chakula.

Ugonjwa huo ulipoingia Burundi mwaka 1978, tofauti hiyo ilikuwa suala la uhai. Jina hueleza mgonjwa anavyoteseka. Aina humfundisha jirani yake wa Buyenzi kuchemsha maji. Walimu wenzetu, tufundishe vyote viwili.