Mnara na Lugha: Habari za Redio na Mtandao katika Ngara na Biharamulo tangu 1994

Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ziko katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo iko mashariki yake, upande wa kuliendea Ziwa Viktoria. Mpaka upitao hapo si wa zamani. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza na Wabelgiji waligawana sehemu hii ya nchi iliyokuwa ya Wadachi. Gisaka, iliyo ng'ambo ya mto Kagera, ilirudishwa katika Rwanda mwaka 1924, lakini Bugufi, ambayo watu wake hapo awali walikuwa chini ya mwami wa Burundi, ilibaki Tanganyika. Utawala ukakatwa, lugha haikukatika. Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu aliweka Kihangaza, Kishubi na Kiha katika kundi moja na Kinyarwanda na Kirundi, nalo ni kundi D.60. Kwa hiyo Mhangaza akifungua redio akasikia sauti itokayo Bujumbura au Kigali, hapati taabu kubwa ya kuifahamu, ilhali afisa aliyetoka pwani kuja kuiongoza wilaya hafahamu neno. Tofauti hiyo baina ya afahamuye na mwenye amri ndiyo kiini cha habari hii.

Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kuvuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Kwa muda wa siku moja hivi walivuka wapatao 250,000. Walikaa Benaco, mahali palipopata jina lake kwa kampuni ya Kitaliani iliyojenga barabara, na baadaye makambi mengine yakafunguliwa: Musuhura, Lumasi, Kitali, na Lukole walikokaa Warundi. Haukupita muda mrefu wageni wakawazidi wenyeji kwa hesabu. Wala hawakuwa watu wa namna moja. Wengi walikuwa wakulima waliolikimbia jeshi la RPF. Kati yao walikuwamo pia walioua, pamoja na wakuu wao. Sylvestre Gacumbitsi, burugumesitiri (yaani mkuu) wa komuni ya Rusumo, alihukumiwa Arusha mwaka 2004, na katika rufani ya mwaka 2006 akapewa kifungo cha maisha. Miongoni mwa mambo yaliyothibitishwa juu yake ni kwamba alipita katika gari na kipaza sauti akiwachochea watu. Neno lilikuwa limetangulia mbele ya panga.

Ili kulifahamu neno hilo yafaa kurudi nyuma mwaka mmoja, hata kwenye mnara wenyewe. Redio iitwayo RTLM ilianza kutangaza huko Kigali mwezi wa Julai 1993. Haikuwa mali ya serikali, bali ya kampuni yenye wanahisa, chini ya tajiri Félicien Kabuga, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Ferdinand Nahimana, mwanahistoria wa chuo kikuu. Ilipendwa upesi. Redio ya taifa ilinena kama karani asomaye waraka. Hii mpya ilicheka, ilipiga muziki, ilizungumza Kinyarwanda cha vijiweni. Katika mkataba wake na serikali wa tarehe 30 Septemba 1993 iliahidi kutotangaza maneno ya chuki. Haikutimiza. Waziri wa Habari, Faustin Rucogoza, aliwaandikia barua ya onyo tarehe 25 Oktoba, akawaita wenye redio mwezi wa Novemba, akawaita tena tarehe 10 Februari 1994. Wao walishika jibu moja, kwamba wasemayo ni kweli. Tarehe 7 Aprili Rucogoza aliuawa. Sheria ilikuwapo, mkataba ulikuwapo, na waziri aliyediriki kuutaja alikuwapo. Nguvu ya kuuzima mnara ndiyo iliyokosekana, maana wenye mnara walikuwa na marafiki wenye nguvu kuliko waziri.

Nje ya Rwanda nguvu hiyo ilikuwapo. Jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa majeshi ya Umoja wa Mataifa, aliomba redio hiyo izibwe. Huko Washington jambo hilo lilifikiriwa, na waraka wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa tarehe 5 Mei 1994 ulijibu kwamba njia hiyo haitafaa na ni ya gharama, kwani ndege ya kuziba mawimbi ingegharimu dola 8,500 kwa kila saa ya kuruka. Zilitajwa pia sheria za mawasiliano ya mataifa na uhuru wa kusema. Uhuru huo ni kitu cha thamani, na hoja yenyewe si ya kudharauliwa. Lakini ilitolewa na watu ambao majina yao hayakusomwa katika redio ile. Wale ambao majina yao yalisomwa hawakuulizwa.

Sehemu ya habari hii iliyo na faida kubwa kwa mwanafunzi wa lugha ni ile iliyotokea mahakamani Arusha. Majaji wa mahakama ya kimataifa hawakujua Kinyarwanda, nao walitakiwa kuamua kama maneno fulani yalikuwa ni wito wa kuua. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, iliyohukumiwa tarehe 2 Septemba 1998, waliita mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, aeleze maana ya maneno manne: inyenzi, inkotanyi, ibyitso na interahamwe. Inyenzi ni mende; lakini tangu miaka ya 1960 lilikuwa jina la wapiganaji wa Kitutsi waliovamia usiku kutoka nje, na mwaka 1994, kwa kadiri ya msemaji na mahali, laweza kuwa Mtutsi ye yote. Ibyitso ni washirika wa adui. Kuna na neno jingine lililo la hatari kuliko hayo yote kwa sababu halina alama yo yote juu yake, nalo ni gukora, yaani kufanya kazi. Mkulima wa Bugufi hulitumia kila siku anaposhika jembe. Katika wiki zile za Aprili lilikuwa na maana ya kuua. Mtu akitengeneza orodha ya maneno mabaya ili kuyazuia, gukora halitaingia. Na akiliingiza, atawazuia wakulima wote wasinene.

Majaji wenyewe waligongana juu ya jambo hilo. Hukumu ya kesi ya vyombo vya habari ilitolewa tarehe 3 Desemba 2003: Nahimana na Hassan Ngeze, mwenye gazeti la Kangura, walipewa kifungo cha maisha, na Jean-Bosco Barayagwiza miaka 35. Rufani ya tarehe 28 Novemba 2007 ilipunguza adhabu hizo zikawa miaka 30, 35 na 32, kwa sababu majaji wa rufani hawakuridhika kwamba matangazo ya RTLM kabla ya tarehe 6 Aprili 1994 yalikuwa ni wito dhahiri wa mauaji ya kimbari. Ya baada ya siku hiyo waliyaona hivyo. Msamiati haukubadilika sana tarehe hiyo. Kilichobadilika ni nchi ambamo maneno yalisemwa. Huko Kanada nako hotuba moja ya Léon Mugesera, aliyoitoa Kabaya tarehe 22 Novemba 1992, ilibishaniwa mahakamani kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya ubishi ilikuwa juu ya tafsiri, hata Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ilipokata shauri mwaka 2005. Wataalamu pia hawajapatana juu ya uzito wa redio yenyewe. Scott Straus, mwaka 2007, alionyesha kwamba wauaji wengi walivutwa na majirani na wakuu wao kuliko redio. David Yanagizawa-Drott, mwaka 2014, alikadiria kwamba yapata sehemu moja katika kumi ya mauaji ilitokana na matangazo ya RTLM. Tofauti hiyo si ndogo; hata hivyo sehemu moja katika kumi ya mauaji yale ni makumi ya maelfu ya watu.

Hata katika makambi ya Ngara wakuu wa zamani waliendelea kutawala habari: nani arudi, nani atauawa akirudi. Kilichojibu hali hiyo ni redio nyingine. Mwezi wa Agosti 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, kiunganisha-jamaa, ili waliopoteana watafutane. Jina hilo lastahili kutazamwa: umuryango ni jamaa, na tena ni mlango wa nyumba, kama vile pwani mlango huwa ni tawi la ukoo. Kisha mwaka 1995 shirika la Majesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera hapo hapo Ngara, na jina lake ni kutumaini. Ilitangaza kwa lugha za wakimbizi na kwa Kiswahili pia, ili mgeni na mwenyeji wasikie habari moja. Mwezi wa Desemba 1996 serikali ya Tanzania iliwataka Wanyarwanda warudi kwao kabla mwaka haujaisha, wakarudi kwa mamia ya maelfu kupitia daraja lile lile la Rusumo. Mwaka 2008 Lukole nayo ikafungwa. Redio haikufungwa. Ilibaki kuwa ya wenyeji wa Ngara, Biharamulo na wilaya za jirani. Mtangazaji wake huweza kukutana na msikilizaji sokoni akaulizwa juu ya neno alilosema jana. Hicho nacho ni kizuizi cha maneno, cha kale kuliko sheria zote.

Lakini mfano wa 1994 umetumiwa pia na wasiopenda kusemwa. Mwezi wa Oktoba 2014 Rwanda ilisimamisha matangazo ya BBC kwa Kinyarwanda, yaani yale yaliyozaliwa kuwaunganisha jamaa, kwa ajili ya filamu moja juu ya mauaji. Mwezi wa Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi, redio za watu binafsi huko Bujumbura zilichomwa au kufungwa, na Warundi wakahamia katika simu za mkononi. Tanzania iliweka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni mwaka 2018, na mwezi wa Juni mwaka huo JamiiForums ikajifunga kwa muda; mwezi wa Mei 2025 mtandao wa X ukazuiwa nchini. Hatua hizi hazifanani kwa uzito, wala RTLM haifanani na baraza la watu wanaohoji bei ya kahawa. Anayezitia zote katika kapu moja hufanya kosa lile lile la orodha ya maneno.

Mnara nao umehama. Leo kijana wa Nyakanazi, wilayani Biharamulo, husoma na kuandika katika mitandao ambayo wenyewe wako California. Kazi ya kuyachuja maneno ya Kiswahili na ya lugha nyingine kadha za Afrika katika Facebook ilifanywa tangu 2019 na kampuni ya Sama huko Nairobi. Mwaka 2022 mchujaji mmoja, Daniel Motaung, aliishtaki kampuni hiyo pamoja na Meta. Mwaka 2023 Sama iliacha kazi hiyo na wachujaji zaidi ya 180 wakaenda mahakamani. Na mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema kwamba Meta yaweza kushtakiwa nchini humo. Shauri jingine, lililofunguliwa Nairobi mwezi wa Desemba 2022, lakaribia zaidi habari ya Rusumo. Profesa Meareg Amare, Mtigrinya aliyefundisha Bahir Dar, aliuawa mwezi wa Novemba 2021 baada ya kutajwa jina katika Facebook. Mwanawe asema aliyaripoti maandishi hayo na hayakuondolewa kwa wakati. Mwezi wa Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba yaweza kulisikiliza. Rucogoza aliandika barua akaijua nyumba ya kuipeleka. Mwana huyu ilimbidi kwanza athibitishe kwamba mlango upo.

Kuna na tofauti moja zaidi, ihusuyo watafiti hasa. Kanda za RTLM zilinaswa, zikaandikwa neno kwa neno, zikafasiriwa, nazo zimo katika hifadhi ya mahakama huko Arusha, ambako Mhangaza aweza kwenda kusoma Kinyarwanda chake na kuipima tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa iliyo kando yake. Maandishi yanayofutwa katika mtandao hayaachi kanda hadharani. Neno likiisha kuondolewa, nakala ikibaki hukaa kwa kampuni, pamoja na sababu ya kuliondoa au kuliacha. Na anayetaka kujua kama gukora ya siku fulani ilikuwa ya jembe au ya panga hana pa kuanzia.