Je, Stelingi Hufa? Mabishano ya Watazamaji wa Kiswahili juu ya Filamu ya Fist of Fury

1. Utangulizi

Filamu za mapigano kutoka Hong Kong zilienea Afrika ya Mashariki na Kongo kuanzia miaka ya 1970. Zilionyeshwa kwanza katika majumba ya sinema, na baadaye, kanda za video zilipoanza kupatikana kwa wingi katika miaka ya 1980, zikahamia katika vibanda vya mitaani. Wataalamu wamekwisha kuiandika hadhira hiyo. May Joseph alieleza mwaka 1999 jinsi sinema ya kung fu ilivyopatana na maadili ya kubana matumizi na kujitegemea miongoni mwa vijana wa Dar es Salaam wa enzi ya Ujamaa. Laura Fair alitoa mwaka 2018 historia pana ya watazamaji wa sinema nchini Tanzania. Makala haya yanachukua jambo finyu zaidi. Yanakusudia kuchunguza mabishano yanayozushwa na mwisho wa filamu moja, na kuonyesha kwamba mabishano hayo yana mizizi katika lugha na katika fasihi ya Waswahili wenyewe.

Mfano wa miji miwili unafaa kuwekwa mbele ya msomaji: Kalemie, iliyoitwa Albertville wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, na Kigoma iliyo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na reli ya kutoka Kabalo ikafika Albertville mwaka 1915. Tangu hapo ziwa limekuwa kiungo cha watu, bidhaa na maneno. Pande zote mbili husema Kiswahili. Lakini katika mambo ya sinema upande mmoja uliazima maneno kutoka Kifaransa, na wa pili kutoka Kiingereza.

2. Filamu na majina yake

Fist of Fury ilitolewa Hong Kong mwezi Machi 1972 na kampuni ya Golden Harvest, ikiongozwa na Lo Wei. Mhusika wake mkuu, Chen Zhen, aliigizwa na Bruce Lee. Hadithi yahusu chuo cha mapigano cha Jingwu mjini Shanghai. Mwalimu wa chuo hicho, Huo Yuanjia, alikuwa mtu wa kweli aliyefariki mwaka 1910. Mwanafunzi Chen Zhen ni wa kubuniwa. Filamu inadai kwamba mwalimu alitiliwa sumu kwa hila ya Wajapani. Chen Zhen analipiza kisasi, Wajapani nao wanakivamia chuo na kuua wengi. Mwishowe anakubali kujisalimisha kwa afisa wa polisi ili chuo kisifungwe. Anapofika langoni anakuta bunduki zimeelekezwa kwake. Anakimbia, anaruka juu, na hapo picha inasimama yeye akiwa hewani huku milio ya risasi ikisikika. Mwili ulioanguka hauonyeshwi kamwe.

Majina ya filamu hii yaliongeza utata. Nchini Marekani ilionyeshwa kwa jina la The Chinese Connection, ambapo jina la Fists of Fury lilipewa filamu nyingine ya Bruce Lee, The Big Boss. Kwa Kifaransa iliitwa La Fureur de vaincre, na filamu nyingine tena ikaitwa La Fureur du dragon. Kwa hiyo mtu wa Kalemie na mtu wa Kigoma waweza kubishana jioni nzima juu ya “ile ya hasira”, kila mmoja akiwa na filamu yake kichwani.

3. Rai ya kwanza: stelingi hafi

Mashabiki wa Tanzania na Kenya humwita mhusika mkuu stelingi, au steringi, neno lililotokana na Kiingereza kuhusu anayeongoza katika uigizaji. Mpinzani wake ni adui. Upande wa Kongo husemwa akteri, kutoka Kifaransa, na mpinzani ni bandi. Pande zote mbili zina kanuni iliyokwisha kuwa kama methali: stelingi hafi, akteri hafi. Aweza kupigwa, kufungwa, hata kudhaniwa amekufa, lakini atarudi.

Wanaoshikilia kanuni hiyo huikinga kwa ushahidi wa picha yenyewe. Husema: kilichoonekana ni mtu anayeruka, hakuna aliyemwona ameanguka. Hoja hii si ya kitoto. Watengenezaji wa filamu wa Hong Kong wenyewe waliifuata baadaye: katika Fist of Legend ya mwaka 1994, iliyochezwa na Jet Li, Chen Zhen anaondoka akiwa hai, na filamu ya mwaka 2010 iliyochezwa na Donnie Yen inamrudisha Shanghai baada ya miaka mingi.

4. Rai ya pili: amekufa, na ndiyo maana ya hadithi

Kundi la pili hukataa faraja hiyo. Kwao Chen Zhen amekufa, na filamu ingekuwa bure kama asingekufa. New Fist of Fury ya mwaka 1976, iliyoongozwa na Lo Wei yuleyule na kuchezwa na Jackie Chan, inakubaliana nao: huko Chen Zhen ni marehemu.

Rai hii husimama zaidi juu ya tukio la bustani. Chen Zhen anazuiwa langoni kwa kibao kinachokataza mbwa na Wachina, naye anakivunja kwa teke. Wanahistoria wanabishana juu ya maneno halisi ya vibao vya Shanghai, lakini hawabishani kwamba bustani hiyo ilifungiwa Wachina wa kawaida hadi mwaka 1928. Mtazamaji aliyelelewa na wazee waliojua mgawanyo wa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, au wa mji wa Wazungu na site ya Waafrika huko Kongo, hahitaji kufafanuliwa tukio hilo. Wala hahitaji kufafanuliwa mkalimani Wu, Mchina anayewatumikia Wajapani na kuyageuza maneno kuwa matusi kwa ndugu zake. Mkalimani wa bwana ni mtu anayejulikana katika kumbukumbu za ukoloni popote. Kwa kundi hili, aliyevunja kibao hana budi kulipa, na malipo yake ndiyo yanayompa heshima.

5. Rai ya tatu: hasira hasara

Rai ya tatu ni ya wazazi, walimu na viongozi, na haina haja ya maelezo mengi. Hofu ya sinema ni ya zamani. Katika Kongo ya Ubelgiji, Waafrika waliruhusiwa kutazama filamu zilizopitishwa na tume ya ukaguzi tu. Serikali huru nazo ziliendelea kuikagua sinema, na Tanzania iliunda Kampuni ya Filamu mwaka 1968. Hata hivyo, wenye rai hii wana hoja ndani ya filamu yenyewe. Wanafunzi wenzake Chen Zhen wanamkumbusha kwamba mwalimu hakufundisha mapigano kwa ajili ya ugomvi, hasikii, na wanaouawa chuoni ni hao waliomwonya. Methali ya Kiswahili ya hasira hasara ingeweza kuwa jina la filamu.

6. Neno moja, watu wawili

Kwa nini basi rai ya kwanza haikufa mbele ya hoja za rai ya pili? Sababu moja ni ya kiisimu. Akteri, kwa asili yake, ni mwigizaji. Katika matumizi ya mitaani ni shujaa wa hadithi. Stelingi vilevile hubeba maana zote mbili. Kiswahili cha darasani hutenganisha mwigizaji na mhusika. Kiswahili cha kibandani hakitenganishi. Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na umri wa miaka 32, kabla watazamaji wengi wa Afrika hawajamfahamu. Kwa hiyo swali la “stelingi alikufa?” liliulizwa juu ya watu wawili kwa pamoja. Aliyekuwa maiti kaburini alikuwa akiruka kila jioni juu ya kitambaa cheupe.

Sababu ya pili ni ya kifasihi. Waswahili walikuwa na picha iliyosimama karne nyingi kabla ya kamera. Fumo Liyongo, katika masimulizi na katika utenzi wa Muhammad Kijumwa, anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe. Anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, na kufa katika hali hiyo. Watu wanakaa mbali wakidhani yu hai. Hadhira iliyozoea shujaa wa namna hiyo haikushangazwa na Chen Zhen aliyebaki hewani: wote wawili wamekufa wakiwa katika tendo, na adui hajui kama yuko salama.

7. Hitimisho

Mabishano haya si mchezo mtupu, na Kalemie yaonyesha kwa nini. Mwezi Juni 1964 mji huo ulitekwa na Wasimba, wengi wao vijana, walioamini kwamba dawa ya waganga ingegeuza risasi kuwa maji. Mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo waliondolewa. Aliyeanguka alisemwa kuwa amevunja miiko. Kanuni yenyewe haikuguswa. Upande wa pili wa ziwa, vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa vimeacha swali lilelile, nalo Ebrahim Hussein akaliweka jukwaani mwaka 1969 katika Kinjeketile: je, ni halali kuwaambia watu kwamba maji hayakuwa na nguvu, ikiwa imani hiyo ndiyo iliyowainua?

Rai ya kwanza juu ya Fist of Fury huhifadhi matumaini lakini hulificha kaburi. Rai ya pili hulitaja kaburi na kulipa heshima. Rai ya tatu huuliza ni nani wengine waliozikwa pamoja na shujaa. Somo la fasihi linalofundisha istilahi za mhusika mkuu na mpinzani wake, likaacha stelingi na akteri nje ya mlango wa darasa, humnyima mwanafunzi uhakiki ambao jamii yake imekwisha kuufanya. Inafaa maneno hayo yakusanywe pande zote mbili za ziwa, pamoja na hoja zinazotolewa kwayo, wakati wazee waliokaa katika mabenchi ya sinema za miaka ya 1970 wangali wakikumbuka walichobishania.