Antena Igeukayo: Historia ya Upande wa Mpokeaji

Historia ya televisheni aghalabu huandikwa kutoka upande wa anayetangaza. Tunaelezwa kituo kilifunguliwa mwaka gani na ni nani aliyekata utepe. Yule aliyekaa mbali, akayatafuta mawimbi juu ya paa lake, hatajwi. Ilhali naye ana historia yake, na shahidi wake mmoja ni antena yenye mota, inayogeuzwa na mtu aliyekaa ndani ya nyumba.

Asili ya antena hiyo ni mji wa Sendai, Japani. Huko, katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tohoku, Shintaro Uda na mkuu wake Hidetsugu Yagi walitafiti namna ya kuyaelekeza mawimbi ya redio upande mmoja. Uda alichapisha utafiti huo kwa Kijapani mwaka 1926. Yagi akaueleza kwa Kiingereza mwaka 1928. Matokeo yake ni antena tunayoijua sote, mfano wa mwiba wa samaki: ufito mmoja unaofungwa waya, ufito mrefu kidogo nyuma yake wa kuyarudisha mawimbi, na fito fupi mbele za kuyaongoza. Ufito wa waya huwa takriban nusu ya urefu wa wimbi. Kwa masafa ya megahezi 200, wimbi lina mita 1.5, basi ufito huwa kiasi cha sentimita 75.

Haki ya uvumbuzi iliandikishwa kwa jina la Yagi peke yake, na jina la Uda likamezwa. Wala kwao hawakuthaminiwa upesi. Inasimuliwa kwamba Wajapani walipoiteka Singapore, Februari 1942, walikuta neno "Yagi" katika maandishi ya Waingereza kuhusu rada, wakamwuliza mateka maana yake. Akawajibu kuwa ni jina la Mjapani mwenzao.

Antena hiyo ina fadhila moja na ila moja, na zote mbili zina shina moja: husikia mbali, lakini husikia kule inakoelekea tu. Mwenye kituo kimoja huielekeza mara moja akastarehe. Mwenye vituo viwili, kimoja kusini na kimoja mashariki, hana budi kugeuza.

Haja hiyo ilizidi Marekani. Mwezi wa Septemba 1948, Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilisimamisha utoaji wa leseni za vituo vipya, na zuio hilo halikuondolewa ila Aprili 1952. Kwa muda wote huo nchi nzima ilitegemea vituo visivyozidi 108. Miji mingi isiyokuwa na kituo ikabaki kuichungulia miji ya mbali, na makampuni kama Alliance, la Ohio, yakapata soko la mota za kugeuza antena.

Usanifu wa chombo hicho una hekima. Mota huendeshwa kwa umeme mdogo, aghalabu volti 24, ili waya unaopanda paani usiwe hatari. Giya huipunguza kasi hata duara moja likachukua kiasi cha dakika nzima. Kasi iliyopotea hurudi kuwa nguvu, kwani upepo hushindana na fito. Kapasita huiwezesha mota kwenda mbele au kurudi nyuma. Kizuizi huisimamisha ikitimiza duara, isije ikajiviringishia waya wake mpaka ukakatika. Sebuleni hukaa kisanduku chenye mshale unaofuatana na antena, ili mwenyeji asiyeiona ajue imeelekea wapi.

Kwetu mota ilikuwa ni kijana aliyeshika mlingoti, na mshale ulikuwa ni sauti ya aliyekaa ndani: "Rudisha kidogo! Hapo hapo!" Televisheni ya Zanzibar ilianza mapema katika miaka ya 1970, tena kwa rangi, ilhali Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hadi mwaka 1994. Kwa miaka ipatayo ishirini, aliyetaka kutazama televisheni Dar es Salaam alisimamisha mlingoti mrefu, akaielekeza antena Unguja, kiasi cha kilomita 70 ng'ambo ya bahari, akaridhika na picha pamoja na chenga zake. Katika ramani ya antena, bara ndilo lililokigeukia kisiwa.

Ramani hiyo haikuchorwa na mtu, nayo inafutika. Marekani ilizima mitambo ya analojia ya vituo vyake vikubwa Juni 2009. Dar es Salaam ilizima yake tarehe 31 Disemba 2012. Sizililii chenga. Lakini aliyegeuza antena alijua picha yake inatoka upande gani wa dunia, na uchaguzi wake ulikuwa mkononi mwake. Mtazamaji wa king'amuzi cha kulipia anajua siku ya malipo tu.

Kwa hiyo, watakaoandika historia ya utangazaji wetu wasiishie kwenye majalada ya ofisi. Wawaulize mafundi waliopinda fito hizo na vijana, wazee sasa, waliozigeuza. Milingoti imeanza kuliwa na kutu, na wajuzi wake wanatutoka mmoja mmoja.